Usukani Ukitetemeka Katika Barabara Kuu

Katika nchi ya kahawa na majani chai iliyo juu ya Thika, watu wengi siku hizi wana motakaa, na nyingi katika hizo si mpya. Zilitumika kwanza Japani miaka kadha kabla ya kushushwa bandarini Mombasa, na tangu hapo zimepita katika mikono ya watu watatu au wanne. Hata hivyo hufanya kazi njema. Hubeba maziwa, mbegu, watoto wa shule, na usiku mwingine hubeba wagonjwa. Asubuhi hutambaa katika barabara ya udongo kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, na kabla saa haijakwisha huwa zimefika katika barabara kuu ya Thika, ile iliyofunguliwa mwaka 2012, ambayo upana wake humshawishi dereva kukanyaga mafuta. Hapo ndipo ugonjwa uliokuwa umejificha hujitokeza. Mwendo ukifika kilomita 90, usukani huanza kutetemeka mikononi.

Jambo hilo likitokea, watu hugawanyika katika makundi matatu. Wa kwanza huongeza mwendo, na akiona mtetemo umepungua kwenye kilomita 110 hudhani kwamba motakaa yake imepona. Wa pili hupunguza mwendo, akazoea kwenda kilomita 80 mwaka mzima. Wa tatu huenda gereji na kununua kila kifaa anachotajiwa. Wote watatu wamekosea kwa namna moja: hawakuuliza mtetemo ule wasema nini. Mtetemo wa usukani ni habari. Mtu akiisoma vizuri, aweza kujua mahali palipoharibika kabla hajatoa hata shilingi moja. Na akikataa kuisoma, aweza kulipa kwa fedha, au kwa jambo lililo kubwa kuliko fedha.

KARANI NA FUNDI MZEE

Karani mmoja alikuwa na motakaa ya mwaka 1998, ndogo, yenye kuendeshwa na magurudumu ya mbele. Usukani ulipoanza kutetemeka, aliipeleka gereji. Akaambiwa kwamba magurudumu hayakupangwa sawa. Yakapangwa, akalipa. Mtetemo ulibaki. Juma lililofuata aliambiwa kwamba shokomzoba zimekwisha. Akanunua mbili. Mtetemo ulibaki. Mwisho aliambiwa kwamba ni viungo vya usukani, navyo akavinunua. Kwa miezi miwili alikuwa ametumia karo ya binti yake ya muhula mzima, na motakaa ilikuwa ikitetemeka zaidi kuliko siku ya kwanza.

Jumamosi moja alisimama kwa fundi mzee ambaye kazi yake aliifanya chini ya mti kando ya soko.

"Mzee," akasema, "usukani huu umenishinda. Nimetia vifaa vipya, na bado watetemeka."

Fundi hakuinuka. Aliuliza, "Watetemeka lini?"

"Nikienda mbio, Mzee. Kilomita 90."

"Ukifunga breki, wazidi?"

"La."

"Ukipanda kilima na kukanyaga mafuta sana?"

"Ni vile vile."

"Na kiti je? Chatetemeka?"

Karani akafikiri kidogo. "Kiti kimetulia. Ni mikono tu."

"Basi ugonjwa uko katika gurudumu la mbele lenyewe, mwanangu. Hivyo ulivyonunua vyote viko nyuma yake. Lete jeki."

Fundi aliinua upande wa kushoto, akaligeuza gurudumu polepole huku ameweka kiganja juu ya mpira. Gurudumu lilipozunguka nusu, kiganja kiliinuka. Upande wa ndani, mahali ambapo mtu asimamaye kando ya motakaa hawezi kupaona, palikuwa na uvimbe uliolingana na nusu ya embe. Nyuzi za chuma zilizo ndani ya mpira zilikuwa zimeachana na raba, na kilichokuwa kikizuia upepo ni ngozi ya juu tu.

"Mpira huu umekupigia hodi miezi miwili," akasema fundi. "Ungalipasuka barabarani na watoto wako ndani, nani angalikuja kunisimulia?"

Karani hakujibu. Katika mfuko wake mlikuwa na karatasi aliyoiandika hesabu ya safari ya Krismasi: mafuta ya kwenda Mombasa na kurudi, watu wazima wawili na watoto watatu.

KWA NINI MWENDO WA POLE HAUONYESHI KITU

Watu wengi hustaajabu kwamba motakaa ile ile ambayo yatulia kabisa kijijini yatetemeka katika barabara kuu. Sababu yake si ngumu. Mpira wa motakaa ndogo, ukizunguka mara moja, husafiri kama mita 1.9. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, gurudumu huzunguka zaidi ya mara 14 katika sekunde moja. Sasa mtu na achukue donge la udongo lenye uzito wa gramu 30, asilipite tonge dogo la ugali, alibandike ndani ya rimu ya inchi 14. Katika mwendo huo donge lile halivuti tena kwa gramu 30. Huvuta gurudumu kwa nguvu ya zaidi ya kilo 4, mara juu, mara mbele, mara chini, mara nyuma, mara 14 kila sekunde.

Tena nguvu hiyo haiongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu huwa mara nne. Kwa hiyo katika kilomita 50 donge lile lile huvuta kwa kama kilo moja tu, na dereva hasikii kitu.

Na kwa nini mtetemo hupungua mwendo ukipita kilomita 110? Kila chombo kina mdundo wake. Mtoto akiwa juu ya bembea, anayemsukuma kwa wakati wake humpandisha juu kwa kidole kimoja; lakini anayesukuma haraka kupita kiasi hampandishi. Ndivyo zilivyo springi, mikono ya chuma na usukani wa motakaa. Mapigo ya gurudumu yakilingana na mdundo wao, mtetemo huwa mkubwa. Yakiupita, mtetemo hupungua. Lakini nguvu inayopiga beringi na viungo haikupungua, imezidi. Dereva anayekimbia ili asisikie mtetemo ni kama mgonjwa anayeziba masikio ili asijisikie akikohoa.

MASWALI MANNE

Yafaa mwenye motakaa ajiulize maswali manne kabla ya kwenda kwa fundi, na ayaandike majibu.

La kwanza: watetemeka wapi? Mikono ikitetemeka, mara nyingi kosa liko katika magurudumu ya mbele. Kiti au sakafu ikitetemeka na usukani umetulia, atazame magurudumu ya nyuma. Na kama motakaa yaendeshwa na magurudumu ya nyuma, atazame pia shafti ndefu inayopita chini yake.

La pili: watetemeka katika mwendo gani? Ukianza kama kilomita 80 na kuzidi karibu na 100, shuku kwanza uzito usiolingana katika magurudumu. Ukianza katika mwendo mdogo, kilomita 20 au 30, na usukani ukayumba kushoto na kulia kama mtu anayetikisa kichwa, shuku mpira uliovimba au rimu iliyopinda sana.

La tatu: wazidi ukifunga breki? Kama motakaa hutulia katika mwendo, kisha hutetemeka breki zinapokanyagwa, kosa liko katika diski za breki. Haihitaji diski iharibike sana. Unene wake ukitofautiana kwa milimita 0.02 tu kati ya upande na upande, jambo ambalo ni dogo kuliko unene wa unywele, mguu na mikono huweza kulisikia.

La nne: wazidi ukikanyaga mafuta? Motakaa ikitetemeka inapovuta kupanda kilima, ikatulia mara dereva anapoondoa mguu, magurudumu mara nyingi hayana hatia. Katika motakaa zinazoendeshwa na magurudumu ya mbele, shuku kiungo cha ndani cha shafti fupi inayotoka katika giaboksi.

MAHALI PA KUANZA

Baada ya maswali, kazi na ianze kwa yale yasiyo na gharama. Wengi huanza mwisho wakaja mwanzo, na huo ndio mlango fedha inapotokea.

Kwanza ni maji na kijiti. Mkulima anayepita udongo mwekundu wakati wa masika asisahau kwamba udongo hujaza upande wa ndani wa rimu, hukauka huko, na hugeuka kuwa kama tofali. Motakaa iliyokuwa nzuri jana jioni huamka ikitetemeka leo. Aoshe ndani ya kila rimu, akwangue kwa kijiti, kisha aijaribu tena. Wako watu waliokwisha kulipa kusawazisha magurudumu yenye udongo ndani. Udongo ulipodondoka baada ya siku tatu, mtetemo ukarudi.

Pili ni nati za magurudumu. Motakaa ikitetemeka ghafula baada ya mpira kubadilishwa, dereva asimame mara moja azitazame. Nati hukazwa kwa kuvukana, moja hapa na nyingine upande wa pili, wala si kwa kufuatana duara, ili gurudumu likae sawa. Motakaa ndogo nyingi hutaka nguvu ya kama kilo 20 iliyowekwa kwenye mwisho wa spana yenye urefu wa nusu mita. Kuipanda spana kwa miguu miwili ni kuharibu nati na bolti. Baada ya kwenda kama kilomita 100, zikazwe tena.

Tatu ni mipira. Gurudumu liinuliwe, ligeuzwe polepole, na macho na kiganja vipite juu, kando, na hasa upande wa ndani. Palipovimba, palipopasuka, palipolika kwa mabonde mabonde, pote pana habari. Tena mtu asome umri wa mpira. Ubavuni mwake, mwishoni mwa maandishi yanayoanza kwa herufi DOT, zimo tarakimu nne: mbili za kwanza ni juma na mbili za mwisho ni mwaka. Mpira wenye 2316 ulitengenezwa juma la 23 la mwaka 2016. Mpira mzee huweza kuwa na meno marefu na bado ukawa umeoza ndani. Hasa ule uliotumika nchi nyingine na kuuzwa hapa kama mali njema.

Nne ni jaribio ambalo halina gharama ila jasho: magurudumu ya mbele yapelekwe nyuma, na ya nyuma yaje mbele, kila moja likibaki katika upande wake. Kisha motakaa iendeshwe katika barabara ile ile kwa mwendo ule ule. Mtetemo ukihama kutoka mikononi kwenda kitini, kosa limo katika mpira au rimu, maana limehama pamoja nayo. Mtetemo ukibaki mikononi vile vile, magurudumu yametoka katika kesi, na sasa yafaa kutazama breki na viungo. Karani yule, kama angalifanya jaribio hili Jumamosi ya kwanza, asingalinunua hata kifaa kimoja.

Tano ni kusawazisha kwa mashine. Gurudumu huzungushwa, mashine ikaonyesha mahali palipo pepesi, na vipande vidogo vya chuma vikatiwa. Mwenye motakaa asimame hapo atazame. Gurudumu likizunguka, ataona kwa macho kama rimu yacheza. Rimu iliyogongwa na shimo huyumba. Kipande kingi cha uzito hakinyoshi rimu iliyopinda. Pia aulize kama rimu hizo ni za motakaa yake. Rimu za madoido zilizotoka katika motakaa nyingine aghalabu huwa na tundu la katikati lililo kubwa kuliko kitovu cha gurudumu, na pasipokuwa na pete ya kujaza nafasi hiyo, gurudumu hukaa kando ya katikati yake. Litasawazishwa kwenye mashine vizuri kabisa, na bado litatetemeka barabarani.

VIUNGO NA BREKI

Ikiwa mtetemo haukuondoka, ndipo sasa viungo vitazamwe. Motakaa isimame mahali tambarare, mawe yawekwe kwenye magurudumu yaliyobaki chini, na vigingi vya chuma viwekwe chini ya mwili wake. Mtu asiingie kamwe chini ya motakaa iliyoshikwa na jeki peke yake.

Gurudumu la mbele lishikwe kushoto na kulia, lisukumwe na kuvutwa. Likicheza, tazama viungo vya usukani. Kisha lishikwe juu na chini. Likicheza hapo, ni beringi, au ni kiungo cha mviringo kilicho chini ya mkono wa chuma. Ili kuvitenga hivyo viwili, mtu wa pili akanyage breki: mchezo ukitoweka, ni beringi, ukibaki, ni kiungo. Bushi za raba zilizo kwenye mkono wa chuma zitazamwe pia, maana raba ikipasuka, mtetemo mdogo ambao motakaa mpya ingaliumeza, motakaa nzee huutoa wote mikononi.

Breki nazo zina ugonjwa mmoja wa hila. Motakaa hutoka nyumbani imetulia, na baada ya dakika 20 za mwendo wa kasi huanza kutetemeka na kuvuta upande mmoja. Dereva akisimama, akapeleka kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa, aweza kuona kwamba moja lina moto kuliko mengine. Hiyo ni breki inayoshika bila kuachia, na diski imepata moto. Si jambo la kungoja mwisho wa mwezi.

Kupanga magurudumu ndiko kazi ya mwisho. Magurudumu yasiyopangwa huifanya motakaa ivute upande mmoja na kula mipira bila usawa. Ni mara chache yakatetemesha usukani. Tena kupanga kabla ya kubadili viungo vilivyolegea ni kulipa mara mbili, kwa sababu kila kiungo kipya hubadili mpango ule.

WAKATI WA KUSIMAMA MARA MOJA

Yako mambo ambayo hayangojei fundi wa Jumamosi. Mtetemo uliokuja ghafula na kuzidi kila dakika; sauti ya kugonga pamoja na mtetemo; usukani uliolegea au unaovuta kwa nguvu; mpira uliovimba. Likitokea moja katika haya, dereva asikanyage breki kwa ghafula. Aushike usukani kwa mikono miwili, aondoe mguu katika mafuta, apungue polepole mpaka pembeni, kisha akague. Akichelewa kufika, watu watamlaumu kwa siku moja.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Motakaa haifichi maradhi yake. Mwenyewe ndiye huyaficha, kwa kuongeza sauti ya redio, au kwa kutumaini kwamba yatafika hata mwisho wa mwezi.

Karani yule alinunua mipira miwili mipya siku ile ile, ikatiwa mbele na kusawazishwa, na jioni akarudi kupitia barabara kuu. Mwendo ulipofika kilomita 90 aliushika usukani kwa nguvu, kwa mazoea. Usukani ulitulia. Juma lililofuata alirudi sokoni kumlipa fundi mzee, maana siku ile fundi alikataa kupokea chochote, akisema kwamba hakutia kifaa. Karani akamwekea fedha mkononi.

"Hizi si za kifaa, Mzee," akasema. "Ni za maswali."

Fundi akazipokea, akamwuliza juu ya binti yake wa shule.